Maji ya Vyumba Visivyolaliwa

Harufu ilianza Agosti, kiangazi kilipokuwa kimekolea hadi vumbi la mtaa wa Kagarama likawa linapenya mpaka ndani ya makabati. Mwanzoni Kellen alidhani ni panya aliyefia mahali. Aliinama chini ya vitanda, akasogeza masanduku, akamulika kwa tochi ya simu nyuma ya jokofu. Hakuona panya wala mzoga wake. Alifungua madirisha, akafukiza udi, akanunua dawa ya kupuliza yenye harufu ya limau. Kesho yake harufu ilikuwa palepale, nzito kama ya choo cha stendi, ikitokea upande wa vyumba vya watoto.

Watoto, ndivyo alivyozoea kusema, ingawa Phiona alishaota mvi mbili tatu na Mugenzi alishaanza kuota kitambi. Phiona aliishi Kanada na Mugenzi Australia, na saa zao hazikupatana kabisa: huyu akiamka, yule anajilaza. Nyumba ilijengwa na baba yao, Bayingana, familia iliporudi nchini kwao kutoka Karagwe, Tanzania, ambako yeye na Kellen walikulia wakiwa watoto wa wakimbizi. Kwao Bayingana walikuwa ndugu wengi wakigombea choo kimoja cha shimo, kwa hiyo alipojenga aliapa kwamba kila mwanawe atakuwa na chumba chake na bafu lake. Akajenga hivyo. Watoto wakaoga humo miaka yao, wakaondoka mmoja baada ya mwingine, na mwishoni mwa mwaka jana Bayingana naye akafariki.

Tangu hapo Kellen aliishi katika chumba chake, jikoni, na kwenye kile kipande cha baraza kinachopata jua la asubuhi. Milango mingine aliipita kama mtu anavyopita lango la jirani asiyezoeana naye.

Harufu ilipomshinda alimpigia simu Silvère, fundi bomba, Mrundi wa Bujumbura ambaye zamani aliwafungia tangi la maji. Kellen alimpenda kwa sababu ya Kiswahili. Kinyarwanda chake mwenyewe kilikuwa na lafudhi ya Karagwe ambayo mpaka leo kuna watu kanisani wanaoitabasamia. Kwa Silvère hakukuwa na hilo. Kila mmoja alisema Kiswahili cha alikokulia, na walielewana.

Fundi alivua viatu mlangoni, akaingia bafu la Phiona, akavuta pumzi mara moja. Hakugusa mfuko wake wa spana. Alipiga magoti, akamulika tundu la maji lililopo sakafuni.

"Mama, humu nani anaoga?"

"Hakuna."

"Tangu lini?"

Kellen alifikiri. "Tangu msiba. Wageni walilala humu siku zile."

"Basi hakuna kitu imeharibika," Silvère alisema. "Chini ya hili tundu bomba iko inapinda, sisi tunaita sifoni. Hapo maji kidogo inabaki siku zote. Ile maji ndiyo mlango, inafunga harufu ya shimo isipande. Sasa watu hawaogi, jua iko kali, maji imekauka. Mlango umebaki wazi."

"Nifanye nini?"

"Umwage maji. Basi. Kila wiki, kila tundu, na choo uvute."

Akaomba jagi, akamimina polepole, wakasikiliza maji yakishuka na kutulia. Kisha akamwonyesha koki ndogo iliyo chini ya sinki. Alimwambia aifungue na kuifunga mara mojamoja, kwa sababu koki isiyoguswa huganda, na siku bomba likipasuka mtu anabaki anahangaika nayo huku maji yakijaa sebuleni. Akamwambia pia asiruhusu nywele kushuka tunduni, wala mafuta ya kukaangia kumwagwa jikoni, na akamfungulia kwa mkono kona ya bomba iliyo chini ya sinki aone uchafu unapokwama.

"Mzee alikuwa anajua haya yote," alisema akijifuta magoti. "Nilimwambia wakati ule wa tangi."

Kellen alilipokea lile jagi. Alikumbuka Jumamosi zisizo za umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, Bayingana na ndala zake akiingia chumba hadi chumba na jagi mkononi, maji yakisikika nyuma ya kuta. Yeye alikuwa akimpigia kelele kutoka jikoni: "Unamwagilia nini huko, maua?" Naye Bayingana hujibu, "Nawasalimia watoto." Kellen alidhani ni uzee unamwingia. Hakuwahi kuinuka kwenda kuona.

Alimkaribisha Silvère chai. Silvère alikunywa haraka, maana alikuwa na kazi Masaka, pembeni mwa mji, kwenye nyumba mpya.

"Na bomba la jikoni?" Kellen aliuliza alipomwona anatafuta viatu. "Halivuji kweli?"

"Halivuji, Mama."

"Liangalie kidogo."

Akaliangalia. Halikuwa likivuja. Alikaza kitu ambacho huenda hakikuhitaji kukazwa, akaaga, na pikipiki ikamchukua.

Ikawa kazi ya Jumamosi. Kellen alianzia chumba cha Mugenzi, akamimina, akavuta choo, akapindua koki huku na huku. Majuma ya kwanza aliingia na kutoka. Baadaye akawa anakaa kidogo ukingoni mwa kitanda, jagi mapajani, akitazama ukuta ambao Mugenzi alibandika picha za wachezaji waliokwisha kustaafu. Siku moja alikuta unyevu chini ya sinki. Akapapasa bomba mpaka akaipata nati iliyolegea, akaikaza kwa mkono, akatega kopo. Jumamosi iliyofuata kopo lilikuwa kavu. Alifurahi, kisha akabaki amesimama bafuni akitafuta wa kumwambia.

Jioni alimwambia Phiona kwenye simu.

"Mama, hiyo nyumba imekuwa kubwa mno kwako," Phiona alisema. "Si uiuze tu, upate ndogo?"

"Nikiiuza, mkija mtafikia wapi?"

Phiona aliuliza kama mvua zimeshaanza. 

Desemba Phiona alikuja, na binti yake wa miaka tisa, Sangwa. Walikuja kwa harusi ya upande wa mume wa Phiona, kwa hiyo siku nyingi walikuwa kwa wakwe. Hata hivyo walilala Kagarama. Asubuhi Kellen alisikia bafu likitumika nyuma ya ukuta wake, akakaa kitandani asitoke, akisikiliza. Sangwa hakujua Kiswahili, na Kinyarwanda chake kilikuwa maneno ya salamu tu. Yeye na bibi yake walielewana kwa vidole na vicheko. Siku moja Kellen alimkuta amesimama mbele ya sinki, anafumua nywele za kusuka, na mabaki yanashuka na maji. Maneno yalimjaa mdomoni. Akayameza. Hakutaka siku zile chache ziwe za makatazo.

Wakaondoka. Kellen aliwasindikiza hadi uwanja wa ndege, akarudi, akakuta taulo zimelowa na chumba kina harufu ya mafuta ya nywele. Jumamosi ilipofika alimimina maji kwenye sinki la Phiona, na maji yakasimama.

Angeweza kumpigia Silvère. Alikaa na simu mkononi, akaiweka. Akafunga koki, akatega ndoo, akakaa sakafuni na kufungua ile kona ya bomba kama alivyomwona fundi akifanya. Ilifunguka kwa shida. Maji meusi yakamwagika, kisha likaja fundo la nywele za dukani, refu, linateleza, na ndani yake ushanga mmoja wa rangi ya machungwa.

Aliuosha, akaushika kiganjani. Alilia kidogo, bila haraka, mikono ikiwa michafu hata asiweze kujifuta.

Simu ikalia. Alikuwa Phiona.

"Unafanya nini, Mama?"

"Nazibua sinki lenu."

"Jamani, si umwite fundi?"

"Nimeshamaliza."

"Pole. Ni sisi tulioziba?"

"Hapana," Kellen alisema. "Ni bomba tu."

Sangwa alisikika kwa nyuma akiulizia kitu kwa Kiingereza. Phiona akamjibu, akarudi kwenye simu, akasema wamechelewa, atapiga Jumapili. Simu ikakatika.

Kellen alirudisha kona ya bomba mahali pake, akaikaza, akafungua koki. Maji yalishuka bila kusita. Chini hapakudondoka hata tone. Alijua yanatosha, lakini aliyaacha yatiririke, akiwa amekaa palepale sakafuni, mgongo ukutani.