Neno la Fundi Wamae Lililovujia Barazani

Saa tatu asubuhi, Jumanne ya soko mjini Karatina, miaka ya sitini. Kwenye baraza ya duka la vitambaa, Wamae Kingori anakanyaga cherehani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Kwenye benchi kando yake ameketi Muriithi wa Kerugoya, akingoja suruali. Wamae anamtupia jicho, anacheka peke yake, na hatoboi lolote kuhusu mbinu mpya za mpira.

Ana sababu. Benchi hiyo ndiyo iliyomponza.

Siku za kazi, Wamae hushona suruali kwa shilingi nane. Jumapili, baada ya kanisa, yeye ni beki wa kati na nahodha wa timu ya soko. Ana miaka thelathini na saba, na magoti yake hulalamika kuliko mashabiki.

Ngome yake ilisifika kwa mtego mmoja. Alipopaza sauti, "Kata!", neno la kazi yake, mabeki wote wanne walipiga hatua mbele kwa pamoja. Mshambuliaji aliyeachwa nyuma yao akawa ameotea, na refa akapuliza kipyenga.

Mtego huo aliwafundisha wenzake papa hapa barazani, kati ya suruali moja na nyingine. Mteja mmoja alikuwa ameketi kimya akingoja pindo. Alikuwa Muriithi, mchezaji wa timu ya Kerugoya.

"Mimi nilifikiri ni customer tu," anasema Wamae. "Kumbe nimewekea paka maziwa!"

Timu hizo mbili zilipokutana mwezi Machi, Muriithi ndiye aliyepiga kelele, "Kata!" Mabeki wa Karatina wakaruka mbele kabla ya pasi, na mwenzake Muriithi akachomoka na mpira kutoka katikati ya uwanja, akapita peke yake. Karatina walichapwa mabao matatu.

Aliyemwonea huruma ni Sharda, mama mwenye duka. "Chukua neno yetu," alimwambia. "Sema ubha raho. Maana yake simama. Nani Kerugoya atajua?"

Mechi ya pili, neno hilo la Kigujarati lilidumu hadi mapumziko. Hakuna aliyekumbuka kwamba winga wa Kerugoya ni Hasmukh, kijana wa Kigujarati aliyelelewa nyuma ya kaunta ya duka. Hasmukh alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akawafasiria wenzake. Kerugoya wakashinda tena.

Hapo kamati ya timu ikatoa kauli: wakifungwa mara ya tatu, unahodha utapewa kijana.

"Ati umri yangu ni ya kushona, si ya kucheza," Wamae anakumbuka, na sauti inashuka. "Iliniuma sana. Hiyo Jumapili ndiyo mimi hungojea wiki mzima."

Alisali, akashona, akawaza. Jibu lilimjia akigeuza kola ya shati iliyochakaa, ule upande wa ndani ukawa wa nje.

"Mtu akikuibia neno, wacha akae nayo," anasema. "Wewe geuza maana."

Jumapili iliyopita, mechi ikielekea ukingoni bila bao, Muriithi aliita, "Kata!" Safari hii mabeki wa Karatina walirudi nyuma wote. Mpira mrefu uliokusudiwa kuwapita ukaanguka miguuni mwa Wamae. Akaupiga mbele, na Karatina wakapata bao la pekee.

Unahodha umebaki kwake. Anatumaini kuongoza msimu mmoja zaidi, kisha amkabidhi kijana kwa hiari, kabla hajaambiwa.

"Nashukuru Mungu. Nashukuru Mama Sharda, hata kama neno yake iliisha haraka," anasema, kisha anamwelekezea Muriithi makasi. "Na huyu pia nashukuru, kabisa. Bila yeye ningeita kata mpaka nizeeke, nikidhani niko na akili."

Suruali imekwisha. Muriithi anatoa shilingi zake nane, na Wamae anazirudisha mkononi mwake.

"Weka pesa yako, umeshanilipa," anamwambia. "Lakini siku ingine ukileta suruali, utangojea ng'ambo kule, kwa hoteli ya chai."