Mzunguko wa Saba Nyuma ya Madhabahu

Juzi nilialikwa ubatizo wa mtoto wa rafiki yangu, katika kanisa kuukuu la mawe. Kufungua mlango tu, ile harufu ikanipiga: jiwe lisilokauka, nta ya mishumaa, vumbi la vitabu vya nyimbo. Ikabidi nitoke nje nijifanye nimepigiwa simu. Wenyeji wangu niliwadanganya, lakini ninyi sitawadanganya.

Nilikuwa na miaka minane. Mimi na mama tuliishi Ilford, pembezoni mwa London, chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji watano. Mama alifanya kazi ya kuwatunza wazee. Mimi nilizaliwa huku, lakini kaka yangu Mwakio, aliyenizidi miaka minne, alibaki Kenya, Wundanyi, kwa nyanya tangu akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni, nami nilimjua kwa sauti ya simu tu. Mama alikuwa ameomba viza ya kumleta, na mwaka ule wote tuliishi tukingoja jibu.

Mama alikuwa mtu wa maombi, na shida ikizidi aliomba maombi ya Yeriko: unazunguka ukuta siku sita, mara moja kila siku, kimya; siku ya saba unauzunguka mara saba, nao unaanguka. Tabu ni kwamba London haizungukiki. Nyumba zimeshikana bega kwa bega mtaa mzima. Alijaribu kulizunguka jengo la ofisi ya uhamiaji, tukaishia kwenye uzio wa maegesho, mlinzi akatuuliza tumepoteza gari gani. Nilicheka mpaka nikafinywa.

Ndipo mfanyakazi mwenzake akamwelekeza kwenye kanisa moja huko mjini, la enzi za watawa. Nyuma ya madhabahu kulikuwa na njia iliyopinda nusu duara, nguzo nene upande wa ndani, ukuta mweusi upande wa nje. Bibi wa Kiingereza aliyekaa mlangoni alitueleza kwamba ilijengwa ili mahujaji wapite bila kuwasumbua watawa waliokuwa wakiimba. Mama alifurahi kweli.

"Umesikia, Wakesho? Walitujengea sisi. Mwenye shida zake apite, asisumbue mtu."

Unaingia kushoto, unapita nyuma, unatokea kulia, unakata mbele ya madhabahu huku umeinama kidogo. Huo ni mzunguko mmoja. Tulikwenda siku sita mfululizo, na Jumamosi ikawa siku ya saba. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu kwa vidole, ili yeye aombe bila kugawanya akili. Nilitakiwa nitembee nyuma yake, nisiongee, wala nisimpite.

Siku hiyo alitembea polepole mno. Mawe ya sakafu yalikuwa yamelika katikati kwa miguu ya watu, na baridi yake ilipenya soli za viatu vyangu. Nilikuwa na njaa. Tena, niseme yote: kitanda kilikuwa kimoja, na mimi ndiye niliyelala na mama. Mwakio akija, angelala wapi? Mzunguko wa sita ulipokwisha, mama alisimama kando ya nguzo bila kugeuka.

"Imefika mingapi?"

"Saba," nikasema.

Alipitisha kiganja usoni, bado amenipa mgongo. Kisha akasema, "Haya. Twende." Akaninunulia chipsi, akanishika mkono mpaka nyumbani.

Jumatatu akaniambia viza imekataliwa. Aliomba tena mara mbili, akakataliwa tena, mpaka Mwakio akapita umri wa kuitwa mtoto. Ukuta haukuanguka, na aliyeuzuia nilimjua mimi. Nilikaa na jambo hilo kifuani miaka ishirini.

Mwaka jana, tukichambua mchicha jikoni kwake, nikamwambia. Mtu mzima na akili zangu, lakini sauti iliyonitoka ilikuwa ya kitoto. Mama hakuacha kuchambua.

"Nilijua ni sita," akasema. "Hata mimi nilikuwa nahesabu. Na barua ilifika asubuhi ile ile kabla hatujatoka. Ilikuwa mkobani."

Nikamuuliza, basi tulikwenda kufanya nini?

"Kulia, mwanangu. Nyumbani ningelilia wapi, na wewe unanitazama? Kule ulikuwa nyuma yangu, uso wangu huuoni. Nilikuwa nimejipimia saba. Uliposema saba nikaona mtoto amechoka, nikajifuta."

Mtadhani nilipata nafuu. Sikupata. Ule mzigo wa kumfungia kaka yangu mlango nilikuwa nimeuzoea, na ndani yake kulikuwa na tumaini kidogo, maana ulidai kwamba mtu angeweza kufanya jambo. Kumbe hakuna aliyeweza lolote. Leo Mwakio ana watoto wake Wundanyi. Hupiga simu sikukuu, humwamkia mama kwa adabu ile ile anayomwamkia mama yeyote wa jirani, na mama huitikia kwa adabu vilevile. Wanaosema damu nzito kuliko maji hawajaijaribu kwa simu.

Kosa langu lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani, na sijui pa kulipeleka. Mama yangu alihitaji kuzunguka mara moja zaidi, hatua hamsini hivi, alie bila kutazamwa na mtu. Nilimnyima kwa sababu nilikuwa na njaa.