Platine au Bwate

Ukiacha gari nje katika Kolwezi ya miaka ile, asubuhi ulikuta boneti imefunguliwa na platine haipo. Platine ni vile vibati viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili cheche iwashe injini. Sisi watu wa migodini, tunaotambua jiwe la shaba kwa rangi tu, tuliamini jina: penye platine, lazima pana madini ya platini. Hamna hata chembe. Mimi nilikuwa fundi umeme wa mgodi, nilijua hivyo, lakini mwizi haji kwanza kukuomba ushauri.

Nilipoibiwa mara ya pili nikafunga alimaje ya elektroniki, mtambo wa kutoa cheche bila platine: bwate nyeusi, yaani kisanduku, kidogo kama kipande cha sabuni, iliyotoka kwenye gari bovu la kazini. Gari langu, ambalo lilikuwa zee kuliko ndoa yangu, likaanza kuwaka kwa mguso mmoja. Nikavimba kichwa. Nikamwita jirani yangu aje asikilize.

Jirani huyo alikuwa mekanisie, fundi wa malori, mtu wa kaskazini mwa Katanga, Mprotestanti asiyecheka ovyo. Alisikiliza, akasema injini inaimba vizuri, kisha akaomba nimpe platine ya akiba niliyokuwa nayo. Nikampa kama mtu anavyotoa viatu vilivyochakaa.

Halafu mgodi ukaporomoka. Mishahara ikakatika, na hasira za watu zikatafuta mahali pa kuangukia. Zikatuangukia sisi ambao wazazi wetu waliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi hapa Katanga. Mimi nimezaliwa Kolwezi. Kasai nilikuwa naijua kwa masimulizi ya mama yangu. Hata hivyo mtu aliandika kwa makaa kwenye ukuta wetu: bilulu, yaani wadudu.

Stesheni ilijaa familia zilizolala nje juu ya magodoro, zikingoja treni isiyokuja, na watoto walikuwa wakifia pale kwa kuhara. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Niliapa hatazalia juu ya kokoto za reli. Mama yake alikuwa analima Mutshatsha, upande wa magharibi, na kule hakuna ambaye angemgusa mkwe wa mama huyo mwenyeji. Kazi ilikuwa kufika. Njiani vijana walikuwa wamefunga vizuizi na kudai kadi za kitambulisho, na kadi yangu ilitaja asili ya baba yangu kwa herufi kubwa.

Siku moja kabla ya kuondoka, jirani akaja kuniambia nitoe bwate na nifunge tena platine.

"Tata, platine inakoholaka mbele ya kufa," alisema. "Unashuka, unaipangusa, unaenda. Ile bwate inakufa paka kimya, bila kukohoa, na mu njia ya Mutshatsha hakuna mutu wa kuifufua."

Mimi, fundi umeme, nifundishwe umeme na mtu wa malori! Nilimjibu vibaya. Nilimwambia, na maneno hayo yananichoma mpaka leo, kwamba watu wake wameshachukua kazi zetu na nyumba zetu, sasa yeye anaitaka bwate yangu. Alizunguka nyuma ya nyumba kumuaga mke wangu, akaenda zake.

Tuliondoka alfajiri, vijana wa kizuizi cha kwanza wakiwa bado wamelala. Asubuhi nzima gari lilikwenda kama saa. Saa sita, jua likiwa kichwani, injini ikazimika. Haikukohoa wala haikuyumba. Niliigusa bwate, ilikuwa ya moto, na nilijua imekufa. Nilijaribu hili na lile, nikatukana, nikakaa kwenye majani ya kando ya njia. Niliogopa kweli. Mke wangu alikuwa ameshika kiuno kwa mikono miwili.

Aliniacha nimalize kutukana. Kisha akafungua fundo la kitenge chake na kunipa kifurushi cha kitambaa. Ndani mlikuwa na platine yangu, kipande cha msasa, na kadi ya kitambulisho.

"Alisema utakatala," akaniambia. "Njo maana alinipa miye. Kadi ni ya kupimia nafasi ya platine."

Aibu iliyonipata siwezi kuieleza. Nilitoa bwate, nikafunga platine, nikazungusha injini mpaka vibati vikaachana, nikaingiza kadi katikati na kukaza skrubu. Gari likawaka. Nilipokuwa nafuta mikono ndipo nikaitazama kadi yenyewe. Ilikuwa ya jirani: picha yake, jina lake, asili yake ya Katanga. Yangu ilikuwa mfukoni mwa shati, na unene wake ulikuwa uleule.

Kizuizi kilikuwa karibu na Mutshatsha. Vijana wawili wenye mapanga wakaomba kadi, nikawapa ile. Grisi ya vidole vyangu ilikuwa imetia weusi nusu ya picha. Mmoja akauliza kama huyu ni mimi, nikasema ndiyo, nikataja jina la jirani bila kumeza mate. Akaliangalia tumbo la mke wangu, akarudisha kadi, akatuambia tupite. Tulipopita kona, mke wangu alicheka mpaka machozi, akauliza kama sasa ameolewa na Mprotestanti.

Binti yetu alizaliwa siku ya sita, chini ya bati la bibi yake. Kadi niliirudisha kwa mkono wa mfanyakazi wa reli, shemeji yangu, na wiki tatu zilipita kabla hajapata treni ya kumfikisha Kolwezi.

Miaka ilipita, mambo yakatulia, tukarudi Kolwezi. Nilimpeleka binti yangu kwa jirani, na mbele ya mtoto nikaomba radhi kwa yale niliyosema. Alisema amesahau, na nilijua hajasahau. Nikamuuliza alipitaje vizuizini wiki zile tatu bila kadi, maana mjini wanaume walisimamishwa kila siku.

"Sikupita fasi yoyote, tata," akasema, akimtazama binti yangu. "Nilibakia mu nyumba. Nilikuwa nangojea habari ya mutoto."