Toleo la Saba

Kwa miezi minne nilimchukia mtu ambaye sikuwahi kumtia machoni. Nilimchukia kwa moyo wote, asubuhi na jioni, hata kanisani wakati wa maombi ya toba. Leo nikikumbuka nacheka peke yangu, na mama yangu ananiuliza kama kichwa kiko sawa.

Nina duka dogo hapa Voi, la kuchapa na kutoa kopi. Watu huniletea barua za kuomba kazi, fomu za mashamba, programu za harusi na za mazishi, na mitihani ambayo walimu wameiandika kwa mwandiko wa kutisha. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kinachonikasirisha kama ukurasa uliokaa upande. Pambizo likizidi upande mmoja siwezi kumeza chakula. Ndugu zangu walipewa subira. Mimi nilipewa rula.

Ugomvi ulianzia kwa kwaya. Kwaya moja ya kule Mwatate iliniletea nyimbo zake niitengenezee kijitabu. Kwa kazi hiyo natumia programu ya bure, ile inayozipanga kurasa ili ukikunja karatasi katikati, kitabu kisomeke kwa mfuatano. Haina vitufe vya kubonyeza. Unaiandikia amri, inatii. Na amri hiyo ina ukurasa wake wa mwongozo humo humo kwenye kompyuta, wa kukuambia uandike nini. Kuna desturi katika kurasa hizo. Neno unalotakiwa kuliandika vile vile lilivyo huwekwa kwa herufi nzito. Neno unalotakiwa kuliondoa na kuweka lako huwekwa kwa herufi za kulala. Ukurasa wangu haukuwa na nzito wala za kulala, maneno yote yalifanana. Mfano ukasema niandike amri, kisha neno “matokeo”, mahali ambapo kumbe nilitakiwa kuweka jina lolote nilipendalo.

Nami, mtoto mtiifu, nikaandika matokeo. Sehemu ya kwanza ya nyimbo ikahifadhiwa kwa jina hilo. Ya pili nayo nikaiita matokeo, ya tatu pia, na kila iliyoingia ikaifuta iliyotangulia. Mwisho wa siku nilikuwa na kijitabu cha nyimbo za Krismasi tupu, na Pasaka ilikuwa Jumapili inayofuata. Nilirudia kazi yote wanakwaya wakiwa kwenye benchi langu, wananikazia macho, na yule wa besi akiniambia “pole” kwa sauti iliyotikisa kioo cha kaunta.

Walipoondoka nikaapa kuurekebisha ukurasa ule. Na inawezekana. Programu za bure hutengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, na yeyote ana ruhusa ya kusahihisha ukurasa akautuma kwenye orodha ya barua pepe inayosomwa na wote. Mkaguzi anaupitia. Akiridhika anaupitisha, nao unaingia kwenye kompyuta za watu wote wanaotumia programu hiyo. Asiporidhika anaurudisha.

Kurasa za programu yangu zilikuwa na mkaguzi mmoja tu. Alitia sahihi kwa herufi mbili, na Kiingereza chake kilikuwa kikavu, hakina “habari” wala “asante”. Nikamchora akilini: mzee wa Ulaya, ndevu nyeupe, paka wawili, chai isiyo na sukari.

Toleo langu la kwanza alilirudisha na makosa kumi na moja. Mimi! Mimi ninayeona nafasi iliyozidi kutoka ng'ambo ya barabara! Aliniambia kwamba katika maandishi ya nyuma ya ukurasa, yale ambayo msomaji hayaoni, kila sentensi lazima ianze mstari wake, ili anayekagua aone ni sentensi gani iliyoguswa. Nikarekebisha. Toleo la pili akataka niondoe mstari mtupu uliokuwa chini ya kichwa cha mifano. Nikauondoa. La tatu akasema nimebeba mambo mawili katika badiliko moja, niyatenganishe. Nikayatenganisha huku nasaga meno. Alikuwa sahihi kila mara, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Toleo la nne nililituma siku ya jua la kupasua mawe, foleni ya watu wa fomu imefika barabarani. Nilimshukuru kwa Kiingereza cha adabu. Kisha, nikijua hakuna atakayeelewa, nikamalizia kwa Kiswahili: “Mzee huyu ni mkaidi kuliko punda wa Njukini. Mkewe, kama anaye, Mungu amtie nguvu.” Nikatuma. Nilijisikia mwepesi sana hata nikamtolea mteja kopi mbili za bure.

Jibu lilikuja Ijumaa. Makosa matatu madogo, kwa Kiingereza kile kile kikavu. Chini yake, Kiswahili:

“Nne: sentensi zako mbili za mwisho ziko kwenye mstari mmoja. Kila moja ianze mstari wake.

Tano: punda wa Njukini wamepungua. Siku hizi mahindi yanabebwa na bodaboda.

Sita: sina mke.”

Nilitamani ardhi ya Voi, ilivyo ngumu, ipasuke inimeze na kompyuta yangu. Halafu nikasoma tena ya sita, na kicheko kikanitoka bila ruhusa, nikacheka mpaka nikakaa chini kati ya maboksi ya karatasi. Mama, ambaye hushinda nami dukani akibana vitabu kwa pini, alikuja kunichungulia.

“Kuna nini?”

“Nimemtusi mtu, mama. Mbele ya dunia nzima.”

“Sasa unacheka nini?”

“Amenijibu vizuri.”

Mama aliweka chini kitabu alichokuwa akikibana. Yeye ni mwanamke wa milimani, hana haraka.

“Ameoa?”

“Anasema hajaoa.”

“Basi omba msamaha, na uombe vizuri.”

Niliomba, safari hii kwa barua ya wawili tu, nikajieleza mimi ni nani, umri wangu na duka langu. Akanijibu kwamba ni mtu wa Mata, karibu na Taveta, si mbali na Njukini, na kwamba ana umri wa miaka miwili kunizidi, hivyo neno “mzee” angelisamehe lakini hatalisahau. Aliwahi kufanya kazi ya kompyuta Nairobi miaka mingi. Miguu ya baba yake ilipogoma akarudi nyumbani kushika shamba la ndizi. Huko maji ya mfereji hutolewa kwa zamu, na zamu yao ni Jumanne na Ijumaa alasiri. Alikuwa akiyafungulia maji, anaketi ukingoni na laptopu magotini, anakagua kurasa hadi maji yafike mgomba wa mwisho. Ndiyo maana siku zote nilirudishiwa kazi Jumanne na Ijumaa. Mimi nilidhani hiyo ni ratiba ya Ulaya.

Basi nikaanza kuvaa vizuri Jumanne na Ijumaa. Nguo ya kitenge, hereni, mafuta ya nywele yanayonukia, kana kwamba barua pepe ina macho. Wateja wakaniuliza kama naenda harusini. Gari la ndizi likipita barabara kuu namwangalia dereva kama shemeji. Sikuwa na aibu hata chembe, na nasema hivi nikiwa mtu mzima mwenye leseni ya biashara ukutani.

Lakini ukurasa bado alikuwa hajaupitisha. Toleo la tano alilirudisha. La sita akalirudisha. Kila barua ilikuwa mistari na nafasi, nukta na herufi nzito, na mwishoni kabisa neno moja la mvua au la joto la Voi. Hapo furaha ikaanza kuingiwa na hofu. Nilikuwa nimempenda, hilo sikulificha kwa nafsi yangu. Nisilolijua ni kama yeye ananipenda mimi, au anapenda makosa yangu. Watu wa aina hiyo wapo. Mimi mwenyewe nimewahi kukosana na mchumba kwa sababu ya mwaliko wa harusi, wa watu wengine kabisa, uliochapwa kwa aina nne za herufi.

Toleo la sita alitaka niweke mstari mtupu chini ya kichwa cha mifano. Jambo dogo, nikauweka. Kesho yake asubuhi nilikuwa nachana nywele, chanuo likakwama na mkono ukabaki hewani. Mstari mtupu? Chini ya kichwa cha mifano?

Nilifika dukani kabla mama hajamaliza chai yake. Kila kitu ninachotuma nakichapa nakiweka kwenye faili la kadibodi, ndiyo tabia ya karani. Nikalitoa toleo la pili na maelezo yake: ondoa mstari huu. Nikalitoa toleo la sita: weka mstari hapa. Ni mstari ule ule! Mtu ambaye hakuwahi kukosea hata nukta alikuwa amejipinga mwenyewe. Ama alichoka, ama kuna jambo, na hilo jambo niliogopa hata kulifikiria hadi mwisho wake.

Sikutuma toleo la saba. Jumanne ikapita. Ijumaa akaandika mstari mmoja: “La saba liko wapi?”

Nikamjibu: “Liko dukani. Njoo ulichukue.”

Nikazima kompyuta haraka nisije nikaona nilichofanya.

Alikuja Jumamosi, ameshuka kwenye lori la ndizi lililokuwa likielekea Mombasa. Alikuwa mrefu, mwembamba, hana ndevu, na mkungu wa ndizi begani. Alipangusa viatu mlangoni mara mbili. “Shikamoo, mama,” akamwambia mama. “Marahaba, baba,” mama akaitika, akaupokea mkungu, akasema anaupeleka kwa jirani ukakae kivulini. Mama yangu hajawahi kuondoka dukani Jumamosi. Siku hiyo alikwenda bila hata kuvaa miwani.

Mlangoni kulikuwa na wateja watatu, mmoja wao mwalimu mwenye mtihani wa darasa la sita. Niliwaambia wasubiri. Nikaziweka karatasi mbili juu ya kaunta, la pili na la sita, nikaweka kidole.

“Soma.”

Akasoma.

“Hapa ulisema nitoe,” nikamwambia. “Na hapa ukasema nirudishe. Ni ipi?”

“Kutoa ndiyo sawa.”

“Sasa mbona ulinirudishia?”

Aliiangalia mashine ya kopi, kisha dari, kisha akaniangalia mimi.

“Kwa sababu hakukuwa na kosa ingine.”

“Ati?”

“La tano lilikuwa safi. Hata la nne, yale makosa matatu niliyatafuta na tochi. Nilisoma ile ya punda nikacheka mpaka maji yakavuka kwa jirani, akaja na jembe. Nikajiuliza, nikipitisha hii peji, huyu mtu ataniandikia tena kwa sababu gani?”

Nililipuka. Nilimwambia kwamba wiki sita, tangu toleo la nne, nimehesabu nafasi kama mwendawazimu. Kwamba nimefuta nukta na kuzirudisha, nimekosa usingizi, nimekosana na mteja wa fomu, yote kwa ajili ya ukurasa usio na ila! Nilimwambia kwamba kuna watu duniani wanaoendelea kupoteza nyimbo zao kwa sababu yeye hana ujasiri wa kuandika barua ya kawaida. “Mwambie, dada,” mwalimu akasema kutoka mlangoni. Nami nikazidi kumwambia, sauti juu, mkono kiunoni, lakini mashavu yalinisaliti. Furaha ilikuwa imenijaa hadi kooni na nilikuwa nagomba huku natabasamu, kitu ambacho sikujua kinawezekana.

“Pitisha,” nikasema mwisho. “Sasa hivi. Nikiona.”

Akafungua laptopu juu ya kaunta, kati ya gundi na pini. Nilimpa toleo la saba, ambalo mstari mtupu nilikuwa nimeuondoa tena. Alijua halina kosa, na bado akalisoma lote, mstari kwa mstari, tabia haina dawa. Kisha kidole kikasimama juu ya kitufe.

“Nikibonyeza, imeisha.”

“Peji ndiyo itaisha,” nikamwambia.

Akabonyeza. Mwalimu akapiga makofi, na wenzake wakapiga bila kujua ni makofi ya nini. Nilitazama skrini, nikaona kazi yangu imeingia, herufi nzito mahali pa nzito, za kulala mahali pa kulala, na machozi yakanitoka. Sijawahi kujivunia kitu vile, na sitajifanya nilikuwa mtulivu.

Nikawageukia wateja nikawaambia warudi saa tisa. Walinung'unika, mwalimu akawavuta mashati wakaondoka. Nikavuta mlango. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, Jumamosi, saa ambayo duka langu hujaa kuliko saa zote, na sikuwahi kulifunga hata nilipokuwa na malaria.

Tukabaki wawili, na mashine ya kopi bado ya moto. Aliifunga laptopu, akaifungua, akaifunga tena.

“Kuna kitu nilikuwa nataka kukuuliza,” akasema. “Tangu lile toleo la nne.”

“Uliza.”

“Baba anasema nikifika kwenu kuposa, kwanza ni—”

“Usiniletee baba. Uliza wewe.”

Akavuta pumzi, akauliza. Nilimjibu kabla hajafika mwisho wa sentensi.