Springi Laini kwa Safari za Biharamulo

Mume wangu alipopata kiharusi, usukani niliushika mimi. Leseni nilikuwa nayo tangu zamani, ila miaka yote yeye ndiye aliyeendesha. Sasa tulibadilishana viti. Kila wiki nilimtoa kwetu Mbuba nikampeleka hospitali Biharamulo kwa mazoezi ya mkono na mguu, jioni nikamrudisha. Nikifika nyumbani nilikuwa sina hamu hata ya kula.

Gari lenyewe alikuwa amelitengeneza kwa mizigo. Alipokuwa na nguvu alipakia maharage na ndizi kupeleka sokoni, basi akaliwekea springi ngumu na kulinyanyua kwa raba alizozipachika kwenye springi. Stabilaiza, kile chuma kinacholishika gari lisilale kwenye kona, kilivunjika akakitoa, akasema tutatafuta kingine. Hatukutafuta. Likiwa na magunia lilitulia. Likibeba mgonjwa, lilikuwa adhabu. Kila shimo lilitupiga mgongoni. Upande wa kulia wa mume wangu ulikuwa umekufa ganzi, kwa hiyo kona ya kushoto alinilalia begani, ya kulia akajigonga mlangoni. Nilimsukuma kwa kiwiko huku nabadili gia, na malori ya Rwanda yakinipigia honi nyuma.

Siku moja baada ya mazoezi alikataa kupanda gari. Alishika nguzo ya kibaraza cha hospitali kwa mkono mzima, hakuiachia. Nilimbembeleza, nikachoka, nikakaa chini kando yake. Alipokubali hatimaye, sikuelekea nyumbani. Nilikwenda gereji.

Fundi, Msukuma wa makamo, aliniamkia, kisha akainama dirishani kwa mume wangu. "Mzee, tuweke springi ngumu au laini?"

Mume wangu alimtazama tu. Kiharusi kilikuwa kimemwondolea Kiswahili chote, yakabaki maneno machache ya Kihangaza.

"Mzee, au kama hizi za sasa?"

"Niulize mimi," nilisema. "Dereva ni mimi."

Alinyooka, akaona haya kidogo. Tangu hapo alizungumza na mimi. Aliniambia springi laini zitameza mashimo, lakini gari litalala zaidi kwenye kona. Dawa yake ni stabilaiza nene, mbele na nyuma. Nilimwambia afanye hivyo, na raba azitoe zote.

Alipomaliza kufunga, tulilijaribu kwenye lami. Lilikwenda vizuri mno. Kwenye kona lilisimama wima, na mume wangu alikaa sawa kitini kama zamani. Fundi, aliyekuwa ameketi nyuma, alicheka kwa furaha.

"Umeona, mama?"

"Kwetu lami inaisha kabla ya nyumbani," nilimwambia, nikakata kuingia barabara ya vumbi.

Huko mambo yalibadilika. Gurudumu moja likiingia shimoni, kile chuma kinene kiliuvuta na upande wa pili, gari likatikisika kushoto kulia, kushoto kulia. Kichwa cha mume wangu kilikuwa kikiyumba kama cha mtoto aliyesinzia mgongoni. Alisema neno moja la Kihangaza, kwa shida.

"Anasemaje?" fundi aliuliza.

"Anasema basi."

Nilisimamisha gari. Nilitamani kulia, si kwa sababu ya gari. Nilikuwa nimechoka kuchagua kila kitu peke yangu: dawa, chakula, shati la kuvaa, sasa na vyuma. Mambo ya gari alikuwa akiyajua yeye. Niligeuka nikamuuliza kwa lugha yetu kama tutoe chuma cha mbele au cha nyuma. Sikutegemea jibu. Akaelekeza kidole gumba nyuma ya bega lake.

"Cha nyuma kitoe," nikamwambia fundi. "Na cha mbele uniwekee cha kawaida, si hiki kinene."

"Kwenye kona litalala kidogo, mama."

"Nitapunguza mwendo."

Tulirudi gereji, na kazi iliisha mchana ukiwa umekwenda sana. Tulishika njia ya nyumbani polepole, tukapita Kasulo kila gari likitupita. Gari lililala kidogo kwenye kona, kama alivyosema fundi, na mume wangu aliegemea kidogo, lakini hakunilalia. Mashimo niliyasikia kwa mbali. Kabla hatujafika Mbuba nilimwona amelala, mdomo wazi. Hakuwahi kulala garini tangu augue.

Uani nilizima injini. Ilinipasa kumwamsha, kumshusha, kumwogesha, kuwasha moto. Sikushuka. Niliegemeza kichwa kitini nikafumba macho, na jirani aliyekuja kutupokea alitukuta wote wawili tunakoroma.