Gunzi Kwenye Mdomo wa Simba

Sauti ya mfereji ukimwagika bila mtu inaniinua popote nimekaa. Juzi nilikuwa nimekaa nje nachambua maharagwe, nikasikia maji inapiga simiti, shwaaa, na hakuna mtu karibu. Nikaita wajukuu wangu wote watatu. "Nani ameacha mfereji?" Kimya. Wanaangalia vidole vya miguu kama vile jibu imeandikwa huko. Nilikuwa nimeshainua mwiko, lakini mkono ukakataa. Hiyo kimya naijua. Mimi niliinunua Italia.

Ndio, Italia! Msinicheke. Mimi Mumbua wa Mwala, niliyeachia shule darasa la nne, nilipanda ndege kabla sijawahi kupanda ngazi ya ghorofa.

Ilikuwa miaka ya themanini, niko na miaka kumi hivi. Parokia yetu ilikuwa na padri Mwitaliano, Padri Dino, mrefu kama mlingoti, anaongea Kikamba kama mtu anayekohoa. Watu wa kwao ndio walisaidia kujenga tanki ya maji pale shuleni. Sasa akachagua wasichana wanane wanaojua kucheza ngoma, na mwalimu wetu Ndunge, twende tuwachezee, tuseme asante. Mwaitu, yaani mama yangu, alinifunga leso yake nyekundu ya maua ya njano, akaniambia, "Usiniaibishe huko. Mgeni hana mdomo mingi."

Hako kamji kao kalikuwa kadogo, kazee, mawe tupu. Nyumba ya mawe, barabara ya mawe, hata paa ni mawe! Nyuma yake kuna milima, si kama hii yetu ya Iveti unapanda ukitafuta kuni. Ile ilikuwa inakuinamia, na juu nyeupe kama imemwagiwa unga. Asubuhi kulikuwa na harufu ya moshi na mkate. Na mnajua walitupea nini chakula? Ugali! Ya njano, imemwagwa juu ya ubao, kila mtu anachota kwake. Tuliangaliana tukacheka mpaka Mwalimu Ndunge akatufinya.

Lakini kitu ilininyima raha ni maji. Katikati ya uwanja kulikuwa na ukuta uko na kichwa cha simba wa mawe, na maji inatoka kwa mdomo wake mchana kutwa, inaingia kwa karai kubwa la mawe, inajaa, inapotea chini. Hakuna foleni. Hakuna punda. Hakuna mtungi hata mmoja! Na mimi nilikuwa natoka mahali tunachimba mchanga wa mto mpaka kiuno, tunangoja maji ijikusanye, tunateka na kata polepole kama mtu anaiba. Ukimwaga kikombe kimoja, mwaitu anakuchapa na kile kikombe.

Huko watu wakishakula mchana wanalala, mji wote. Siku ya pili nikatoka peke yangu, nikasikia tu ile shwaaa. Nikajiambia, hawa watu wamesahau kufunga. Watu wametujengea tanki, na yao inamwagika wakilala! Nikatafuta pa kufungia, hakuna. Kando ya ukuta kulikuwa na kuku za mzee mmoja, Berto, yule alikuwa anasugua huo mfereji na kuweka ufunguo wa kamlango ka chuma nyuma ya ukuta, pale maji inaingilia. Hapo kwa kuku kulikuwa na magunzi ya mahindi, rundo. Sasa niambie, mtoto wa Mwala akiona gunzi na shimo linalovuja, anafanya nini? Si ndivyo tunaziba mitungi yetu? Nikapasua kipande kwa pindo la leso, nikafunga gunzi ikaze, nikaigonga na jiwe kwa mdomo wa simba. Kukanyamaza. Nilienda kulala nikiwa na furaha, jameni, nilikuwa nimeokoa mji.

Kumbe maji ikizibwa haiendi kulala. Ilirudi nyuma, ikasukuma kale kamlango, ikashuka ngazi mpaka ukumbi wa kanisa, mahali walikuwa wametuandalia karamu. Tuliamshwa na kelele. Wamama wamekunja sketi wanatoa magunia ya unga imelowa, imekuwa uji. Ni Berto alichomoa gunzi. Nilimwona. Akaiangalia, akaangalia kile kipande cha leso, halafu akainua macho kwetu, wasichana tumejipanga na leso zetu. Akakifungua hicho kitambaa, akakitia mfukoni. Gunzi ndiyo alibaki nayo mkononi.

Watu wakamrukia. Gunzi ni ya kuku zake, ya nani tena? Padri alitueleza kwa Kiswahili, uso umemwiva, "Wanasema amezeeka, anaacha takataka kila mahali. Wanataka ufunguo." Halafu akatuuliza, "Hakuna mtu wetu aligusa mfereji?"

Na ni mimi, si mwingine, nilijibu wa kwanza. "Hapana Padri. Sisi tulikuwa tumelala."

Berto alivua kofia, akatoa ufunguo, akampa mtu mwingine mbele ya watu wote. Jioni tulicheza ngoma, tukapigiwa makofi, na mimi niliruka juu kuliko wote, pindo la leso nimelikunja ndani.

Siku ya kuondoka alikuja pale tulikuwa tunapakia mizigo. Akanishika mkono, akaniwekea kitambaa changu, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Akasema maneno matatu, manne, polepole. Padri alikuwa amesimama hapo karibu, ningemuuliza. Sikuuliza. Niliogopa yawe matusi. Siku hizi naogopa zaidi kwamba hayakuwa.

Nyumbani nikakishona na uzi mweusi. Mwaitu akauliza leso ilipasukia wapi, nikamwambia ni msumari. Hata msumari ambao hauko nikausingizia! Na hii hadithi nimeisimulia kwa harusi, kwa matanga, watu wanashika mbavu nikifika kwa gunzi. Nilikuwa naishia hapo kwa gunzi. Berto sikuwahi kumtaja.

Mwaitu aliniambia mgeni hana mdomo mingi. Hakusema hana mdomo kabisa. Hiyo nimekuja kuielewa nikiwa na wajukuu.

Kwa hivyo juzi niliweka mwiko chini, nikawakalisha hawa watatu wanaoniita susu, nikawaambia yote mpaka mwisho, na ufunguo na pasi. Nilipomaliza hakuna mtu alicheka. Kisha yule mdogo akanivuta leso.

"Susu," akasema, "ni mimi niliacha mfereji."

Nikamshika kichwa. Miaka kumi yangu haikuweza kusema hivyo, na yeye ako na tano.