Placidia, mkata nyasi anayejifunza kunyamaza

Ukungu bado umelalia bonde la mto Kagera, na Placidia Ambrose ameshafika kwenye rweya, uwanda wa nyasi ulio nyuma ya migomba ya mwisho ya kijiji chake, kata ya Kibingo, wilayani Kyerwa. Anainama. Mkono wa kushoto unakamata nyasi, mundu unapita chini yake. Shwaa. Tena, shwaa. Mara ya tatu mkono unaganda hewani.

Anainuka. Anatazama kushoto, anatazama kulia, anageuka nyuma. Nyasi zinamfika kifuani, upepo unazilaza na kuziinua, na kila zinapoinuka ni kama kuna kitu kimepita.

Hakuna kitu. Anarudi kukata. Lakini mikono ikishika kasi koo nalo linafunguka, na wimbo wa kwaya unamtoka kabla hajauzuia. Mstari mmoja tu. Anajipiga kofi mdomoni.

"Nimesahau tena," ananong'ona. "Wiki nzima najifunza kunyamaza, mdomo hausikii."

Mdomo huo haujazoea amri. Placidia, mwenye miaka arobaini na miwili, ndiye sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika wake wa Kilutheri, na nyasi amezikata kwa nyimbo tangu alipoolewa. Sasa analazimika kunyamaza, kwa sababu Jumatatu mwenzake wa kazi, Umutesi, anatarajiwa kurudi baada ya kuumizwa na nyati. Umutesi ametoa sharti moja: kwenye rweya hakuna kuimba. Sharti likivunjwa, harudi.

Na Placidia bila Umutesi ni nusu ya mtu. Hilo si neno la huruma, ni hesabu ya kazi yenyewe. Tita la nyasi likishafungwa, mkataji hawezi kulipandisha kichwani mwenyewe. Lazima awepo wa kumtwika. Tangu abaki peke yake hufunga vitita vidogo anavyoweza kuvinyanyua, na wenye vibanja wanaonunua nyasi za kutandaza kwenye migomba na kahawa humlipa shilingi mia tano pale walipokuwa wakimlipa elfu moja.

"Mtu anaangalia kitita changu, anacheka. Ananiambia, 'Mama Gaudi, hiki umemletea mbuzi?'" anasema, akikaza kamba kwa goti. Anacheka kidogo. Kisha anageuka tena kutazama nyuma.

Habari za nyati zilianza mvua za masika zilipokatika. Dume moja pweke lilionekana asubuhi likipanda kutoka upande wa mto, likaharibu mahindi, likalala kwenye rweya. Mkutano wa kijiji ukaitishwa, na ofisa wa wanyamapori akaja kuelimisha watu.

Ofisa alisema watu wapige kelele wanapokwenda kukata nyasi, ili mnyama awasikie mapema na kuondoka. Wakikutana naye wasikimbie, warudi nyuma polepole. Akiwajia, wapande mti.

"Mti upi, afande?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

Mkutano mzima ukaangua kicheko, kwa sababu rweya ni nyasi na vichuguu tu, mti wa kupanda uko huku nyumbani.

Hapo ndipo mzee Melkiory, aliyewahi kuwinda ujanani, aliposimama na fimbo yake. Alisema dume pweke halikimbii kelele, linazisubiri. Dawa ni kimya, kuufuata upepo kwa pua, na mambo yakiharibika kulala kifudifudi, maana pembe za nyati hazichoti vizuri kilicholala chini. Polikarpi, anayepeleka maziwa sokoni kwa baiskeli, akapinga: ukilala, nyati anakulamba kwa ulimi wake mkali mpaka ngozi itoke, kwa hiyo kimbia kuelekea mteremko. Mwingine akasema umtupie kanga apigane nayo. Mwingine akasema kanga yenyewe ndiyo inayomwita, hasa nyekundu.

Mashauri yakamwagika kama maharage kutoka gunia lililotoboka, na kila aliyeyamwaga alirudi nyumbani kwake kulala salama. Wanaokwenda kwenye rweya asubuhi ni wengine.

"Nilimwambia Umutesi, nikiyafuata yote nitakuwa nimelala kifudifudi huku nakimbia," anakumbuka Placidia.

Wakagawanyika. Placidia alimwamini ofisa: angeimba. Umutesi, mwenye miaka thelathini na mitatu, aliyezaliwa katika familia yenye asili ya Rwanda na kuolewa hapo kijijini, alimwamini mzee Melkiory: angenyamaza. Hakuna aliyetaka kumfuata mwenzake, na kila mmoja alijiona amechukua tahadhari. Wakaendelea kwenda pamoja hivyo hivyo, mmoja akiimba, mmoja kimya kama kisiki.

Asubuhi moja ya Juni, Placidia alikuwa juu ya mteremko, Umutesi chini. Katikati yao, kwenye nyasi ndefu, nyati alikuwa amelala.

Alisikia wimbo. Akainuka, akaondoka kuukimbia, sawasawa na alivyosema ofisa. Akateremka kuelekea kwenye kimya. Na kwenye kimya kulikuwa na Umutesi, ambaye nyati hakujua kuwa yupo.

Umutesi alijitupa chini nyuma ya tita lake. Pembe ikaingia kwenye nyasi zilizofungwa, ikalirusha tita juu, na kwato ikamkanyaga begani. Kisha dume likapita, likapotelea upande wa mto. Umutesi alipelekwa hospitali kwa bodaboda, mume wake akimshikilia kwa nyuma asianguke.

Kijiji kikapata la kusema. Waliosema kelele walidai maneno yao yamethibitika, na waliosema kimya nao wakadai hivyo hivyo: aliyelala kifudifudi si yupo hai? Wanawake wawili wakaacha kusemeshana. Miezi miwili salamu zao zilipita kwa watoto, hata lile sharti la kurudi.

"Alisema nilimsukumia mnyama," anasema Placidia, akifuta mundu kwa majani. "Nami nilijibu, ungeimba angejua upo. Nilikuwa na haki. Lakini haki hainitwiki mzigo."

Jua likishapanda anakiinua kitita chake kwenye ngata, anakipeleka kwa mteja, kisha anapita nyumbani kwa Umutesi. Anataka kumpa habari njema: sharti ameliweza.

Umutesi yuko uani, ameketi kwenye kigoda, anamenya ndizi. Kisu kiko mkono wa kulia. Wa kushoto unashikilia tu, bega limeinama kidogo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Bega?"

"Lipo. Linajua mvua kuliko redio."

Placidia anavuta kigoda, anachukua kisu kingine na ndizi kwenye beseni, naye anaanza kumenya. "Nimekuja kukwambia nimeweza kunyamaza. Leo asubuhi nzima, kimya."

"Mama Gaudi, nilikusikia nikiwa kisimani."

"Mstari mmoja tu!"

"Ulikuwa mstari mrefu."

Wanacheka. Umutesi ndiye anayeanza kuizungumzia asubuhi ile.

"Unajua kilichoniuma si kwato. Nilikuwa chini, uso kwenye udongo, nasikia pua yake inapuliza. Na wewe huko juu unaimba. Ulimaliza ubeti, ukaanza mwingine."

Placidia anaiacha ndizi mkononi ikiwa nusu. "Sikujua."

"Najua hukujua. Hilo ndilo lililonikasirisha. Ningemkasirikia nani, nyati?"

"Basi tunyamaze, kama ulivyosema. Jumatatu sitafungua mdomo."

"Nimelifikiria hilo kitandani." Umutesi anatupa ganda. "Tukinyamaza wote, nikianguka utajuaje? Utakata nyasi zako mpaka saa ya kutwikana, ndipo unitafute. Hapana. Imba. Lakini imba kidogo kidogo, mstari mmoja, mimi niitikie. Nisipoitikia, hapo hapo mundu chini, unakuja."

"Na kimya cha mzee Melkiory?"

"Mzee Melkiory ndiye atakayenitwika?"

"Na nyati? Tukiimba atakimbia au atatusubiri?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui," anasema Placidia, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri mabega yake yanashuka.

Mpango wa Jumatatu unapatikana pale pale, kati ya maganda. Watakata mahali pamoja, bega kwa bega, si mmoja juu na mmoja chini. Mpaka bega lipone, Umutesi atakuwa anafunga na kutwika kwa mkono mmoja na goti, Placidia atakata, na watagawana. Baadaye Placidia anataka kuwashawishi wakataji wengine nao wawe wanaitikiana, rweya nzima, ili mnyama akiinuka asikute pengo la kimya la kuteremkia. Anakiri kuwa huenda naye akawa anaongeza shauri moja tu juu ya mengine. Kilichobaki leo ni kuchagua wimbo.

"Usiniletee wa Kilutheri," anaonya Umutesi, ambaye ni Mkatoliki. "Nyimbo zenu ni ndefu. Mpaka kiitikio kifike nitakuwa nimeshaliwa."

"Nyati hali watu, mdogo wangu."

"Basi nitakuwa nimeshakanyagwa. Tafuta mfupi."

Placidia anakohoa, anatafuta sauti, anatoa mstari mmoja mfupi wa kukatia nyasi, ule ambao kila binti wa hapo ameukuta. Anangoja.

Umutesi anamenya ndizi. Macho yako kwenye kisu. Hajibu.

Kuku wanaparua jikoni. Ndizi inamponyoka Placidia ikaanguka ndani ya beseni, na ameshanyanyuka kutoka kwenye kigoda, shingo mbele, kisu kimekamatwa kama mundu, anamtazama mwenzake usoni.

Ndipo Umutesi anapoitikia, taratibu, mpaka mwisho wa mstari.

"Umeona?" anasema. "Umeinuka."